Kamba wa maji baridi wanakufa: angalia kwanza wamekufa saa ngapi

Ukisema mtaani unafuga kamba mtu anakuuliza kamba za nini, za kufungia mbuzi? Basi tuelewane, naongelea wale wa kula, wa maji baridi, wenye magando marefu, sio kambamiti wa baharini unaowakuta soko la samaki la Feri. Na naongelea ile siku umeamka saa kumi na mbili asubuhi umekuta wanne wamelala chini ya tangi wamegeuka rangi ya waridi kama wametoka kwenye sufuria. Hapo mkono unakwenda kwenye pochi wenyewe, unataka kukimbilia duka la dawa za mifugo. Ngoja kwanza.

Mimi huo mkenge nimeshauingia. Januari moja, lile joto la Dar la kulala sakafuni, tangi langu la saruji huku Bunju likaanza kutoa kamba wenye madoa meusi mgongoni, nikaenda dukani nikaelezea, kijana akanipa ule unga wa njano wa kuku, OTC (oksitetrasaiklini, ni antibayotiki), akaniambia bosi weka vijiko viwili kwenye ndoo ya maji koroga mwaga, nikakoroga nikamwaga. Siku ya tatu maji yana povu na yananuka, na waliokuwa hawana doa hata moja wakaanza kufa. Kumbe ile dawa ilipiga mpaka wale bakteria wazuri wanaokaa kwenye chujio na kwenye kuta wakila amonia, amonia ikapanda, nikamaliza mwenyewe kazi ambayo ugonjwa ulikuwa haujaifanya.

Cha kuelewa ni kwamba bakteria wanaoua kamba wako majini kila siku ya Mungu. Aeromonas, Pseudomonas, Vibrio, hao ni wapangaji wa kudumu, wako kwenye tope, kwenye gamba la kamba mzima anayekula vizuri, hata tumboni mwake. Wanaingia ndani pale kamba akichoka au akipata kidonda. Kwahiyo ukiona ugonjwa wa bakteria swali la kwanza ni nini kimemchosha huyu kamba, jina la bakteria litakuja baadae, na mara nyingi hata usipolijua unapona.

Na kabla hujaangalia doa wala rangi, angalia vifo vimekujaje. Hii ndo imenisaidia kuliko kitu kingine chochote. Wamekufa wengi usiku mmoja, wakubwa kwa wadogo, jana jioni walikula fresh? Hiyo karibu siku zote ni hewa au sumu, bakteria hafagii bwawa kwa usiku mmoja hivo. Wamekufa wawili, kesho wanne, kesho kutwa saba, na chakula kinabaki kidogo zaidi kila siku? Hapo ndo bakteria anaanza kunukia. Wanakufa vifaranga tu, wengi, ndani ya siku chache, mikia myeupe? Fikiria virusi. Anakufa mmoja mmoja na kila ukimshika gamba ni laini kama karatasi iliyolowa? Huyo kafia kwenye kujivua gamba (sio ile kampeni ya chama cha CCM ya 2011, hili la kweli) au wenzie wamemmaliza akiwa uchi. Nunua daftari la mia tano, andika tarehe, saa, wangapi, wa ukubwa gani, mvua ilinyesha au la, umeme ulikatika au la. Kichwa kinadanganya, baada ya wiki utaapa walikuwa ishirini kumbe tisa.

Kingine unachohitaji ni bakuli jeupe na tochi ya simu. Mchukue kamba aliye hai ila mnyonge, mweke kwenye bakuli na maji yake yaleyale, mulika kwa ubavuni. Kamba mzima nyama yake ni kama kioo, mwanga unapita. Ule mstari wa giza mgongoni ni utumbo, ukiwa umejaa amekula, ukiwa mtupu ana siku hajala au kaacha kula. Kichwani chini ya gamba kuna kitu kama uji mzito wa rangi ya chungwa au kahawia, ndo ini lake hilo, likiwa limepauka na kusinyaa ujue tatizo limeshakaa siku kadhaa. Halafu sharubu, zikikatika katika ujue kuna msongamano na ugomvi.

WANAPANDA UKUTANI ALFAJIRI

Wanajazana pembeni, wengine wanataka kutoka nje kabisa, ukimulika hawakimbii. Hii sio ugonjwa, hewa imeisha. Oksijeni inashuka usiku kucha na inakuwa chini kabisa kabla jua halijatoka, hasa maji yakiwa ya kijani kibichi maana vijimea vya kijani mchana vinatoa hewa, usiku vinaitumia. Kamba anataka miligramu 3 kwa lita kwenda juu, ikishuka chini ya 2 anateseka. Umeme ukikatika saa saba usiku na mashine ya hewa ikizima, saa kumi una msiba. Betri ya gari na pampu ndogo ya hewa ni pesa, ila haifiki hasara ya tangi zima.

Kwanini naiweka kwenye mambo ya bakteria? Kwa sababu walionusurika usiku huo ndo watakaougua wiki inayofuata. Unaweza ukakuta madoa na vifo vya mmoja mmoja siku ya tano, ya sita, ukaanza kutafuta mchawi wakati mchawi ni ule usiku wa Jumanne, na kama hukuandika hutokumbuka.

WAMEKUFA WOTE, SAMAKI WAZIMA

Kama kwenye bwawa hilohilo una perege na wao wanaogelea kama kawa ila kamba wamekwisha, wengine walikuwa wanarukaruka na kutetemeka miguu kabla ya kufa, usiongee habari ya bakteria, umepata sumu ya wadudu. Kamba ni ndugu wa mdudu, dawa inayoua mbu au viwavi inamuua yeye kwa kiasi ambacho perege hajakisikia. Jirani kapiga dawa kwenye mchicha upepo ukaleta, au nyumbani mtu kapuliza dawa ya mbu karibu na mashine ya hewa, ikavutwa ikasukumwa majini. Mruturutu nao (ule wa bluu, salfeti ya shaba) watu wanautia kuua majani ya majini, kwa kamba ni sumu. Dawa ya hapo ni maji mapya mengi tu na kumwomba jirani akuambie siku ya kupiga.

MADOA MEUSI AU KAHAWIA KWENYE GAMBA

Hili ndo la bakteria haswa na ndo litakusumbua zaidi, ngoja tukae nalo. Linaanza kama kitone cha kahawia ubavuni, mkiani au kwenye vimiguu, linakuwa jeusi, katikati panachimbika kama jino lililooza. Kuna bakteria wenye uwezo wa kula kile kitu kigumu cha gamba, wakipata upenyo wanajichimbia. Ule weusi wenyewe sio bakteria, ni kamba anaziba kidonda, sawa na sisi tunavyotoa kigaga, kwahiyo doa jeusi kavu maana yake kamba anapigana, sio lazima anashindwa.

Pima hivi. Kwaruza doa taratibu kwa ukucha. Likiwa la juu tu na nyama chini yake ni safi, akijivua linaondoka na gamba la zamani na unabaki unamshangaa huyuhuyu ndo yule wa juzi. Likiwa limepenya mpaka nyama, gamba jipya linanasa na la zamani hapo kwenye kidonda, anashindwa kutoka, anafia nusu ndani nusu nje. Hao ambao doa limepenya watoe, hawatapona na wenzao watakuja kuwala.

Sasa upenyo umetoka wapi? Mara nyingi ni magando. Madume ya hawa kamba hayalingani, kuna dume mbabe mwenye magando marefu ya bluu, kuna wa magando ya rangi ya chungwa ambaye bado anakua, na kuna vidume vidogo vinavyonyemelea tu. Yule wa bluu akishika eneo anapiga kila anayepita. Kwenye tangi langu lile la Januari nilikuja kuhesabu madume sita ya bluu kwenye eneo la mita tatu kwa nne, chini pako wazi kama uwanja wa mpira, hakuna hata kigae cha kujificha! Pale hata ungemwaga dawa ya Ulaya madoa yangerudi. Nilichofanya baadae, nikawatoa wale sita tukawala na nazi (walikuwa watamu, sitaki kudanganya), nikatupia vipande vya bomba, vyungu vilivyovunjika na matawi makavu ya mnazi niliyofunga mafungumafungu, ndani ya wiki tatu wengi wakawa wamejivua na migongo imerudi safi.

Upenyo mwingine ni mikono yetu. Wavu mgumu, kuwabeba wengi kwenye ndoo moja, kuwavua mchana wa jua. Halafu kuna uchafu wa chini: chakula kilichobaki kinaoza, bakteria wanazaliana hapo na kamba analala hapohapo. Weka chakula kidogo kwenye sinia au ungo uushushe chini, baada ya masaa mawili utoe uangalie, kikibaki punguza. Watu tunalisha kwa huruma, tunaona kamba wadogo tunaongeza. Na uchafu wa chini ufyonze kwa mpira, usiukoroge.

NYAMA IMEKUWA NYEUPE KAMA IMEIVA

Hapa ndo watu wanachanganya, maana weupe unaletwa na vitu visivyofanana hata kidogo na macho peke yake hayakutoshi.

Kama umewahamisha leo, au umewasafirisha kutoka mbali kwenye mifuko na jua la foleni ya Morogoro Road, na jioni baadhi wana mabaka meupe mkiani, hiyo ni nyama imeumia kwa uchovu na kukosa hewa. Waache, zima taa, hewa nyingi, usilishe mpaka kesho. Baadhi watarudi kuwa kioo, waliozidiwa watakufa ndani ya siku moja mbili na inaishia hapo.

Kama ni vifaranga vya wiki chache, weupe unaanzia mkiani unapanda, na wanateketea karibu wote ndani ya wiki, hiyo inafanana na ugonjwa wa mkia mweupe ambao ni virusi. Uliripotiwa kwanza kisiwa cha Guadeloupe miaka ya 1990 ukaja kuonekana China, India, Thailand na kwingine wanakofuga yule kamba mkubwa wa Asia, Macrobrachium rosenbergii. Dawa hakuna. Wakubwa wanaweza kuwa nao bila kuonyesha chochote wakaupitisha kwa mayai, kwahiyo ukirudi kununua vifaranga kwa mtu yuleyule mwenye wazazi walewale unanunua msiba mara ya pili.

Kama ni wakubwa au wa umri wa kati, ni msimu wa joto, maji yamegonga nyuzi 33 au 34, na wanakufa kidogokidogo huku nyama ikipoteza ung'avu mpaka inakuwa nyeupe na ya njano njano, hapo ni bakteria. Taiwan walisumbuliwa sana miaka ya 1990 na bakteria wa namna hii, Lactococcus garvieae, na joto lilikuwa linampa nguvu. Kamba hawa raha yao ni nyuzi 28 mpaka 31, na ikipita 35 wanakufa hata bila ugonjwa. Sasa tangi dogo la saruji lenye kina cha sentimita sitini Februari hapa Dar saa nane mchana, pima mwenyewe uone. Kivuli cha makuti au neti ya kijani nusu ya tangi, kina kiongezeke kifike mita, na usijazie maji kutoka kwenye simtanki jeusi lililokaa juani, yale ni ya kuogea.

MATAMVUA MEUSI

Inua kidogo gamba la shavuni uyaone matamvua, yale anayopumulia. Yakiwa ya kahawia au meusi, chukua kipande kioshe kwenye maji safi. Uchafu ukitoka ni uchafu, na kama maji yako ni ya kisima na ndoo zinaweka kutu kutu, basi ni chuma, yaache maji yapigwe hewa kwenye pipa siku nzima yatulie ndo utumie ya juu. Weusi usipotoka kwa kuosha ni kidonda, inaweza kuwa bakteria au fangasi, na nyuma yake mara nyingi kuna amonia au naitraiti. Vikaratasi vya kupimia vipo maduka ya samaki wa mapambo, nunua. Na pima amonia mchana sio asubuhi tu, maana maji ya kijani pH (kipimo cha uasidi au ubesi wa maji) inapanda mchana, na pH ikipanda pamoja na joto amonia ileile ya asubuhi inageuka kali. Mimi nilipima miezi miwili asubuhi, kila siku safi, kamba wanakufa jioni.

WAMEOTA MANYOYA

Ya kijani ni majani tu. Ya kijivu kama pamba ni vijidudu vya kujishikiza au bakteria wa nyuzinyuzi, kwa macho huwezi kuvitenganisha, inataka hadubini. Ila jibu la kwanza ni lilelile: kamba anayejivua kwa wakati anayavua pamoja na gamba, kwahiyo wote wakiota manyoya ujue hawajivui, chakula hakitoshi au maji hayana chokaa ya kutosha. Mvua za masika zikijaza bwawa maji yanakuwa mepesi hivo.

WANAKUFA WAWILI WATATU, HAWANA ALAMA

Utumbo mtupu, wamelegea, wengine wekundu wekundu kwenye vimiguu na chini ya tumbo, ini limepauka. Hapo bakteria kashaingia kwenye damu. Damu ya kamba mzima ukiitoa inaganda haraka, ya huyu inabaki maji. Siku hiyohiyo simamisha chakula, toa uchafu wa chini, badilisha kama robo ya maji kwa maji ya joto lilelile (ya bomba yawe yamepigwa hewa siku nzima mpaka mbili klorini iondoke), ongeza hewa, toa maiti asubuhi na jioni. Rudia maji kesho na kesho kutwa. Vifo vikianza kushuka siku ya tatu endelea, vikipanda ndo unahitaji maabara.

Na hapa ndo swali la antibayotiki linarudi. Kamba mgonjwa hali, sasa dawa uliyochanganya kwenye chakula anaila mzima. Ukiimwaga majini yatakukuta yaleyale yaliyonikuta mimi. Halafu inabaki kwenye nyama, na kloramfenikoli na zile za nitrofurani Ulaya walishazipiga marufuku kwa mifugo ya kuliwa tangu miaka ya 1990, mwaka 2001 na 2002 wakawa wanazikamata kwenye kamba wa kutoka Asia na wafugaji wengi wakaumia. Kama daktari wa mifugo kapima, kajua bakteria gani na dawa gani inamuweza, kakupa kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvua, hayo ni mambo mengine, fuata.

Maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, iko Temeke, na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wako Kunduchi. Usipeleke maiti! Kamba aliyekufa usiku ifikapo saa nne ameshajaa bakteria wa kuozesha, watakuambia umepata kila kitu. Peleka watano au sita walio hai ila wanyonge, kwenye mfuko wenye maji yao na hewa, na wawili wazima wa kulinganisha, na chupa ya maji ya bwawa, na lile daftari. Kama ni mbali na huwezi kuwafikisha hai waweke kwenye barafu, wasigande.

KAMA UMELIPOTEZA BWAWA

Maji yenye ugonjwa usiyaachie kwenye mtaro wa jirani wala mtoni, kamba wa asili wako huko Ruvu na Rufiji hawajakukosea. Kwenye tangi weka klorini, siku ya pili tatu ndo umwage. Maiti chimbia na chokaa, mbwa asifukue. Bwawa la udongo kausha mpaka lipasuke, toa tope jeusi la juu, nyunyiza chokaa ya kilimo kama gramu 100 kwa kila mita ya mraba, jaza, subiri wiki. Na ule wavu, jamani, ule wavu mmoja tunaotumia matangi yote. Baada ya kuhangaika na madoa miezi mitatu kijana anayenisaidia ndo akaniuliza, "Bro, huu wavu tunautoa tangi la wagonjwa tunautia la vifaranga, ni sawa kweli?" Saivi kila tangi lina wavu wake, umefungwa kitambaa cha rangi, na jua linaukausha juu ya ukuta kila jioni.